Mufuko ya Bipande bya Lusenge

3 Septemba

Naandika mu kaye ya masomo ya mutoto yangu Hadassa ya mwaka ilipita, ku makaratasi ya nyuma yenye hakumaliza. Mwezi ya kumi na mbili, familia ya bwana yangu itaikala kyaghanda, baraza ya ukoo, juu ya kuondoa kilio ya Lusenge na kusema piki yake ni ya nani. Na mimi nabajua. Mwanamuke akisema mbele yabo bila tarehe, banamuita muongo. Basi mimi nitakuwa na tarehe.

Mambo iko hivi. Lusenge, bwana yangu, alikufa ku piki mwezi ya ine, ku muteremuko ya Vuhovi, na mifuko mbili ya maharagi nyuma yake. Maharagi ilikuwa yangu, ya kuuzisha ku soko ya Bulengera. Njo maana mama mukwe, Mama Kasika, haniiti tena mama Hadassa. Ananiita "ule wa maharagi". Piki ilibakia. Jéthro, mudogo yake Lusenge, aliikamata siku ya tatu kisha maziko. Tulipatana: mardi na vendredi, Jumanne na Ijumaa, aniletee maharagi toka Vuhovi, siku ingine abebe baclients yake. Bila piki sina maharagi, bila maharagi sina meza ku soko, na bila meza Hadassa anatoka masomo. Njo yote.

Leo Jéthro alirudia na amortisseurs mupya ya nyuma, springi za piki, nyekundu sawa shingo ya jogoo. Alizunguka nayo mu kiwanja, anangojea nimusifu. Nilimuuliza ya zamani iko wapi.

"Ilibakia kwa fundi, shemeji. Kipande ya zamani ni soda ya fundi. Kila mutu anajua ile."

"Lusenge aliinunua na jasho yake. Fundi akunywe jasho ya mwili yake mwenyewe."

Alicheka. Anachekaka na meno yote, mujinga ule.

4 Septemba

Nilienda kwa Phinées, fundi mwenye alitengenezaka piki ya Lusenge tangu siku ya kwanza. Garaji yake ni mabati mbili na turubai, pembeni ya barabara. Ni mwanaume wa maneno kidogo, mikono nyeusi mupaka ku kiwiko. Nilimwambia kila kipande yenye Jéthro atatoa ku piki ya bwana yangu, inakuya kwangu. Alisema hapana, bafundi bote ba Butembo banabakia na kipande ya zamani, hata baba yake alifanya vile.

Nilikaa ku kiti ya baclients. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Baclients babili balifika, balinitazama uso, balienda garaji ya mbele. Saa tisa alinitupia amortisseurs mu mufuko ya sima ya kujenga.

"Mama Hadassa, utafanya nayo nini?"

"Nitaipika na chumvi."

Sasa iko chini ya kitanda.

6 Septemba

Maharagi ilifika, mifuko mbili. Mvua.

10 Septemba

Maharagi ilifika. Mvua. Alitia shene mupya. Ya zamani nilienda kuikamata mwenyewe.

17 Septemba

Guidon mupya, usukani ya juu, yenye inamufanya mutu aendeshe sawa ananing'inia ku kamba ya nguo. Jéthro anasema inapumuzisha mabega. Inapumuzisha akili, njo ninaona mimi. Alitia pia taa za bleu mbele, tatu. Hadassa alipenda taa. Nilimwambia aingie ndani.

Guidon ya Lusenge haiingie yote mu mufuko. Pembe moja inatoka inje.

22 Septemba

Siku ya Mungu. Kisha misa, bamotards, badereva ba piki, balisimama inje ya kanisa, na Jéthro katikati yabo, mukono ku kiti ya piki. Nilipita nyuma. Alikuwa anabaambia: "Amortisseurs, yangu. Guidon, yangu. Shene, taa, yangu. Kumebakia nini ya kaka hapa? Mwezi ya kumi na mbili familia itajionea yenyewe."

Balicheka. Moja aliniona, akamugonga na kiwiko, na Jéthro hata hakushusha macho.

Basi nilifahamu. Haiko kutengeneza anatengeneza. Anamutoa bwana yangu ku piki kipande kwa kipande, mupaka ku kyaghanda aseme: onyesheni kitu ya Lusenge hapa. Na mimi nilikuwa namupikia sombe. Kikulacho kiko mu nguo yako, balisema bazee, na balisema kweli.

Kuanzia leo akule kwa mama yake.

1 Oktoba

Kiti mupya. Ya zamani imepasuka kidogo, niliipasulaka mimi na kifungo ya kabwela yangu, bluzi ya kitenge, siku ya ubatizo ya Hadassa. Niliitia mu mufuko ya pili.

Mama Kasika alinikuta na mufuko ku bega. "Ule wa maharagi sasa ni ule wa vyuma," alisema. Nilimujibu: vyuma haiozi. Sikupashwa kujibu mukwe vile, lakini nilisikia muzuri.

4 Oktoba

Vendredi na maharagi hakuna. Jéthro alikamata kakao ya mutu mumoja, akaenda Beni bila kuniambia. Nilisimama nyuma ya meza bila kitu juu yake siku muzima. Bamama ba soko banajua kunyamaza kwa namna yenye inauma kupita matusi.

5 Oktoba

Hajarudia. Batu banasema mabunduki ililia ku barabara ya Beni, na simu yake haipite.

Niandike ukweli, juu kaye haina maana kama nadanganya ndani. Jambo ya kwanza niliwaza ni piki. Ya pili pia ni piki. Jéthro alikuya ya tatu.

Mama Kasika alikaa ku mulango yake tangu asubui, rozari ku mukono, macho ku njia. Yeye amekwisha kuzika mutoto moja mwaka hii. Nilimupelekea chai. Alikunywa.

6 Oktoba

Alifika saa sita ya muchana. Matope mupaka ku masikio, na uso ya mutu mwenye hakulala. Mama Kasika alimushika kichwa na mikono mbili, akamutukana, akamushika tena.

Mimi nilitazama piki. Réservoir, tanki ya mafuta, ilikuwa ingine. Nyeusi, na miali ya moto ya rangi ya machungwa pembeni. Ile ya Lusenge ilikuwa ya bluu, na juu yake alikuwa aliandika yeye mwenyewe, na burashi ya Phinées, HADASSA, herufi nyeupe, S ya pili inainama. Aliiandika wiki yenye mutoto alizaliwa.

"Réservoir iko wapi?"

"Ilitoboka, shemeji. Ku jiwe. Essence yote ilimwangika. Mutu mumoja ku Beni aliniuzishia hii."

"Jiwe inaruka mupaka ku réservoir?"

"Shemeji, niko nachoka."

"Ni jina ya mutoto yangu uliacha mu garaji ya mutu, Beni. Utoe guidon, utoe kiti, utoe hata mavi yako juu ya ile piki, lakini jina ya mutoto ya kaka yako unaiacha barabarani sawa ganda ya ndizi? Lusenge alikubeba ku mugongo yake mwaka ya vita. Hadassa ni damu yako. Wewe hauna haya. Wewe ni mwizi wa marehemu, na mwizi wa marehemu hana hata kwa kukimbilia."

Kiwanja yote ilisikia. Mama Kasika alisema nifunge kinywa, mutoto yake amerudia muzima. Sikufunga. Niliendelea mupaka sauti ikakatika. Jéthro alisimama tu, maji ya mvua inamushuka ku kidevu. Kisha akasema pole pole: "Mardi utapata maharagi yako." Akaingia kwa mama yake.

8 Oktoba

Maharagi ilifika. Sikumusalimia.

15 Oktoba

Asubui nilifungua mulango na nikakuta réservoir ya bluu ku kizingiti. Alirudia Beni kuikamata, hakuniambia. Jina iko. Chini, karibu na pale inafungiwa, kuna tundu ya kuingiza kidole ya mwisho.

Niliipeleka kwa Phinées. Aliigeuza, akatia kidole ndani ya tundu, akanitazama.

"Hii haiko jiwe, mama Hadassa."

Alisema chuma inaingia ndani, imekatwa safi. Jiwe inabonyeza kwanza. Mutu akipanda piki, magoti yake inakaaka karibu kabisa na pale. Kisha Phinées aliisafisha na sabuni mara tatu, akaiziba na soudure.

Sijabadilisha mawazo yangu. Mutu anaweza kupigiwa risasi na abakie mwizi.

22 Oktoba

Niko kila siku ya tatu kwa Phinées, nangojea bipande. Leo aliniweka clé ya 14, spana, mu mukono. "Kama utakaa hapa kila siku, tumika basi." Nilifungua carburateur, nikaisafisha na essence, nikaifunga. Nilibakisha vis moja, skurubu. Alisema fundi wa kwanza anabakishaka tatu.

25 Oktoba

Maharagi ilifika. Mvua ilibeba daraja ya mbao ya chini. Mukono yangu inanuka essence, na mama moja ku soko alikataa nimupimie.

2 Novemba

Phinées iko na piki moja ya zamani ya garaji, haina hata rangi. Ananifundisha kuendesha ku kiwanja ya mupira ya masomo. Nilianguka mara mbili. Hadassa alihesabia watoto bengine mara ine.

5 Novemba

Nitaandika ya leo pole pole.

Nilimwaga mifuko yangu yote mbili mu garaji, juu ya turubai, nihesabu. Amortisseurs, shene, guidon, taa, kiti, réservoir. Nilimwambia Phinées: "Kunakosekana freni. Jéthro alibadilisha freni pia, naona ni mupya. Ya zamani iko wapi?"

Alijifanya kutafuta vis.

"Phinées."

"Ile sitakupatia."

"Ni ya bwana yangu."

"Njo maana sitakupatia."

Nilikaa ku kiti ya baclients. Ananijua sasa. Aliingia nyuma, akarudia na kikopo ya maziwa ya zamani, akaimwaga mu mukono yangu. Vile vipande viwili vyenye vinashikaka gurudumu kwa ndani. Hata mimi wa miezi mbili nilifahamu. Hakukubakia kitu ya kushika. Chuma juu ya chuma, inang'aa sawa kijiko.

"Jéthro aliniletea piki wiki moja kisha maziko," alisema. "Mbele ya amortisseurs, mbele ya yote. Alisema: fungua freni, nione. Niliifungua. Alitazama, akatoka inje, akatapika ku mufereji. Akarudia, akasema: tia mupya, ya muzuri yenye unayo. Njo kipande ya kwanza alinunua."

"Lusenge hakujua?"

"Nilimwambia mara mbili. Mwezi ya pili, na mwezi ya tatu. Alisema: ngoja kwanza ninunulie mama Hadassa bâche, turubai ya meza yake, mvua inamuharibishia maharagi. Kisha bâche, freni."

Bâche niliipata mwezi ya tatu. Ya kijani. Lusenge mwenyewe aliifunga ku miti ine, akasimama chini yake, akasema: sasa hata mbingu ipasuke. Nilifurahi sana siku ile. Niliambia bamama bote.

"Jéthro anajua ya bâche?"

"Nilimwambia siku ile ile. Njo alinifunga kinywa. Alisema: mama yangu akisikia hii, hatamuita tena ule wa maharagi. Atamuita muuaji, na familia itamufukuza na mutoto. Fundi, ile freni haukuionaka."

Nilirudishia vipande mu kikopo. Sikulia pale. Nililia ku njia, na mvua ilikuwa inanyesha, basi hakuna mwenye alijua.

6 Novemba

Niliuzisha chini ya bâche. Mvua.

8 Novemba

Maharagi ilifika. Nilimupatia Jéthro sahani ya sombe. Alikula amesimama, macho ku mulango, sawa mutu anangojea kupigwa.

12 Novemba

Leo alishusha mifuko na hakuenda. Alifuta mikono ku suruali.

"Shemeji, ku kyaghanda nitaomba piki. Nakuambia mbele, usiseme nilikuya nyuma."

"Na maharagi yangu?"

"Utalipa sawa baclients bote. Na mimi nataka kuoa. Sina shamba, sina kitu."

Nilitaka kumuambia najua ya freni. Maneno ilifika ku meno. Lakini kama ninasema, itakuwa sawa namuomba huruma, na yeye anakuya kuninyang'anya. Mutu anaweza kukufunika na mukono moja na kukuibia na ile ingine. Nilimwambia aende.

Hasira yangu ya mwezi ya kenda ilikuwa muzuri kupita hii. Ile ilikuwa na njia moja.

16 Novemba

Jéthro alitia kipande ingine mupya, pot ya moshi ya makelele; ya zamani iko mu mufuko. Butembo muzima inajua Jéthro anafika. Mama Kasika mwenyewe aliziba masikio.

29 Novemba

Nilishuka na kupanda kilima ya masomo bila kuanguka. Phinées alisema: "Unafinya freni sana." Nilimwambia nitaifinya vile mupaka kufa. Alisikia neno, akainama ku kazi yake.

7 Desemba

Leo njo kyaghanda.

Balikaa ku bibenchi mu kiwanja ya Mama Kasika. Baba Mathe, mudogo ya baba mukwe, njo alikuwa mukubwa wa baraza. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilizunguka. Misa ilikwisha kusomwa asubui, kilio ya Lusenge imeondoka, nguo nyeusi nimevua. Mvua ilituachia nafasi.

Baba Mathe alisema: "Nguo za marehemu, sawa. Shamba, ya mutoto. Sasa piki."

Jéthro alisimama. Hakusema mubaya juu yangu, naandika ile. Alisema tu: "Batata, bazee bangu, tazameni. Ile kaka aliacha ilikuwa inakufa. Mimi nilitia amortisseurs, guidon, shene, kiti, taa, réservoir, pot. Kila kitu munaona ni yangu. Naomba ibakie kwangu."

Batu balitikisa kichwa. Baba Mathe alizunguka piki, akagonga réservoir ya miali ya moto. "Kweli, hapa sioni Lusenge," alisema. "Mama Hadassa, uko na neno?"

"Niko na tarehe."

Nilifungua kaye. Mama Kasika aliguna: "Mwanamuke anatuandika sawa polisi." Nilisoma. Amortisseurs, 3 Septemba. Shene, 10. Guidon na taa, 17. Mupaka ku mwisho. Kisha nilisema: "Sibishane. Chenye Jéthro alinunua ni ya Jéthro. Akamate. Lakini akamate leo, hapa, mbele yenu, na aache ya Lusenge."

Phinées alikuwa ku mulango na clés zake, na mifuko yangu mbili pembeni. Baba Mathe alitazama mifuko, akacheka kidogo, akasema: "Fungueni basi."

Tulifungua, Phinées ng'ambo hii, mimi ng'ambo ile. Nilisikia mutu akisema: tazama, anajua. Kila kipande ilitoka niliita tarehe yake na kuiweka mbele ya Jéthro. Kila nafasi ikabakia wazi, nilichukua ya Lusenge mu mufuko na kuifunga. Kilima ya bitu byekundu na byeusi ilipanda mbele ya miguu yake, na piki ilikuwa inarudia kuwa ile mbaya, ile yetu. Wakati niliweka réservoir ya bluu, Hadassa alitoka kwa bakubwa akakuya kushika jina yake. Mama Kasika alifunga macho.

Tukafika ku gurudumu. Phinées alisimamisha clé. Alinitazama, na mimi nikamutazama.

"Na freni?" aliuliza Mama Kasika. "Haukusoma tarehe ya freni. Freni ni ya nani?"

Ya zamani ilikuwa mu kikopo, chini kabisa ya mufuko ya pili. Nikiitoa, kila mutu ataona vile inang'aa, na kila mutu atauliza kwa nini, na jibu itafika ku bâche ya kijani. Nikisema ni ya Lusenge, nasema uongo na kaye mu mukono.

"Freni ni ya kaka," alisema Jéthro. Alikuwa amekaa nyuma ya kilima yake ya bitu, hata hakuinua kichwa. "Ile sikuigusaka. Iacheni."

Phinées alirudisha clé mu mufuko.

Mimi mwenye tarehe zote, nilifunga kaye.

Phinées alipiga kick. Mara moja, mara mbili, mara tano. Mara ya sita ilishika, na moshi ilifunika bibenchi bya mbele, na Baba Mathe alikohoa mupaka machozi. Kisha akasema: "Inatembea. Ni ya Hadassa. Mama yake ataichunga."

Mama Kasika alipita karibu yangu na vikombe. "Mama Hadassa," alisema, "saidia kukusanya."

10 Desemba

Mardi. Nilienda Vuhovi mwenyewe. Bamama ba njiani balicheka, mutoto moja alinikimbilia nyuma na kuniita motard. Nilibebesha mifuko mbili, ile uzito ile ile. Kurudia, nilifika ku muteremuko. Mawe ilikuwa inateleza na nilikuwa najua ni wapi. Nilifinya freni mbele ya kufika. Ilishika. Nilishuka mupaka chini pole pole, na ilishika kila mara.

Nilisimama mbele ya mulango ya Mama Kasika. Jéthro alikuwa amekaa ku ngazi, anafuta guidon yake na kitambaa. Hana piki ya kuiweka.

Nilizima moteur. Nilikuwa na mengi ya kumuambia, na nusu yake ilikuwa matusi. Sikusema aksanti, wala wasingya ya kwetu.

"Freni ilishika," nilisema.

Aliendelea kufuta.

"Najua," alisema.